Naandika Nisije Nikaingia Jikoni

Msambweni,
Jumamosi, baada ya alasiri

Mwanangu Nyamvula,

Ukiifungua barua hii utakuwa kwenye basi la Kisumu, unakaribia Taru, na mimi nitakuwa nimeshajua kama nimeshinda au nimeshindwa. Sasa hivi sijui. Nimekaa barazani kwenye kiti ulichonichagulia, kile chenye mto wa buluu, nimegeuzwa nitazame bustani kama bwana arusi anayesubiri kupigwa picha, na jiko liko nyuma ya mgongo wangu. Nasikia kila kitu. Kuna mtu anakuna nazi. Anakuna vizuri, sina neno naye, ila anakuna polepole, na mkono wangu wa kulia unawasha.

Hiyo ndiyo sababu naandika. Usidhani nimejaliwa hekima ghafla. Nimeona tu kwamba mkono ulioshika kalamu hauwezi kushika mwiko. Karatasi nimezitoa kwenye begi la gitaa lako, zile unazoandikia nyimbo, unisamehe. Barua nikiimaliza nitairudisha humo humo, ili uikute njiani.

Ulikuja kazini kwangu Diani juzi, ukasimama kwenye mlango wa jiko nikiwa napaa samaki, ukasema: "Baba, sitaki zawadi. Nataka Jumamosi ukae chini, ule na sisi toka mwanzo mpaka mwisho, usiinuke." Nikacheka. Wewe hukucheka. Kumbe ulikuwa umeshakodi koteji hii, kwa jasho la vidole vyako mwenyewe, tena huku Msambweni ambako hakuna anayenijua kuwa mpishi, ili nisipate pa kusema kwamba niko zamu. Ulipanga kila kitu kimya kimya, mama yako akijua, mjomba wako akijua, mimi peke yangu nikiwa gizani. Sijui ujanja huo umeutoa upande gani wa ukoo, lakini upande wangu sisi ni watu wa wazi.

Mambo ya sweta, na kupiga simu ukifika, na kutokaa na simu mkononi karibu na dirisha la basi, mama yako ameshayasema na ameyarudia, na kesho alfajiri atayarudia tena. Mimi hayo nayaruka. Nataka kukuambia kwanza kwamba nina furaha, furaha ya kitoto kabisa. Tangu yule kiongozi wa bendi ya Kisumu apige simu kusema amekusikia ukipiga besi na anakutaka, nimekuwa nikiwatangazia watu ambao hawajaniuliza. Nimemwambia muuza samaki. Nimemwambia kijana wa bodaboda, tena tukiwa mwendoni. Nimewaambia hata wageni wa koteji waliokuja kupumzika zao, ikabidi wanipongeze kabla hawajapewa chai.

Sasa turudi kwenye kiti hiki, na kwa nini kinaniwia vigumu hivi.

Ile wikendi yetu ya kwanza kwenye koteji, kule kazini kwangu Diani, unaikumbuka kwa namna yako, kwa sababu ndiyo uliyoshika kayamba. Acha nikupe na upande wangu. Nilikuwa bado mgeni katika kazi ile. Kazi yenyewe unaijua ilivyo: nyumba ndogo ndogo za makuti, mgeni anakuja na vyakula vyake, au ananunua samaki kwa mvuvi anayepita na baiskeli, anakukabidhi, wewe unapika, unaandaa, unaosha, unatoweka. Ukiifanya vizuri, mgeni hakumbuki kwamba ulikuwepo. Mimi niliifanya vizuri sana.

Wikendi ile walikuwa waje watu kutoka bara, ukoo mzima, kusherehekea siku ya kuzaliwa ya bibi yao. Vitu vyote vilikuwa vimeshanunuliwa, kamba wakubwa, changu, pweza, na paja la mbuzi kwa wasiokula vya baharini. Mjomba wako Bakari na wenzake walikuwa wameshaambiwa waje Jumamosi jioni kuwapigia muziki. Ijumaa, bibi akaugua njiani, wakageuza gari. Tajiri wangu, mwenye koteji, akanipigia simu akasema chakula kisioze, nikaichukue familia yangu tukale, tulale humo humo, mradi Jumapili aikute nyumba safi. Nilimshukuru mpaka simu ikakatika.

Mkaja, wewe na gauni lako la Idi, na mama yako na sufuria yake aliyoitoa nyumbani Ukunda, maana hakuamini kwamba nyumba ya kukodi inaweza kuwa na sufuria ya maana. Nami nikavaa shati langu jeupe la kazi. Hapo ndipo nilipokosea, ingawa siku ile niliona nafanya jambo la heshima. Nilitandika meza, nikakunja vitambaa, nikaja na sinia, nikainama kidogo, nikamwambia mama yako: "Karibu, mama. Chai au kahawa?" Akacheka. Akangoja nimalize mzaha nikae. Sikuwa nafanya mzaha. Nilimmiminia chai, nikasimama nyuma ya kiti chake, mikono mgongoni, kama nilivyofundishwa.

Niliwaandalia hivyo mlo baada ya mlo. Jumamosi mchana ulikuwa unamenya kamba, miguu yako haijafika chini, ukageuka ukanitazama pale niliposimama, ukauliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Baba, kwani wewe si mwenzetu?"

Nikakujibu vile ninavyowajibu wageni wakinikaribisha, kwamba nitakula baadaye, ahsante. Mama yako akatazama sahani yake.

Jioni akina Bakari wakafika wakiwa na mashati yao ya kitenge yanayofanana, na wakaanza toka getini ule wimbo wao wa kukaribisha wageni, na tabasamu zao za kazini. Walipofika barazani wakamkuta dada yao kwenye kiti cha mgeni wa heshima, anakula embe. Wimbo ukafia pale pale kwa kicheko. Basi wakaona hakuna wa kutumbuizwa, wakafungua vifungo vya mashati, wakapiga vile vinavyopigwa kwenye arusi za kwetu, ambako hakuna anayemweleza mwenzake maana yake. Wewe ukapewa kayamba. Hukuiachia tena, ulilala nayo, na asubuhi mbegu za ndani zilikuwa zinalia kila ukijigeuza kitandani.

Na mama yako alicheza. Naambiwa. Bakari anasema mpaka leo hajapata kumwona dada yake akicheza vile, alijifunga leso kiunoni, akauzunguka uwanja mzima, hata mlinzi wa koteji ya jirani akaja kusimama kwenye ua. Mimi nilikuwa naosha sahani. Dirisha la jiko lile linatazama nyuma, upande wa kisima. Niliusikia muziki wote, na yeye sikumwona hata kidogo. Nilipotoka, kitambaa begani, alikuwa ameshakaa, anahema, leso imelegea, macho yanang'aa. Nilitamani kumwambia kitu. Nikamwuliza kama angependa maji. Maji yalikuwa mbele yake. Basi nikaenda kuleta barafu.

Nimekaa na jambo hilo miaka yote, na linaniuma. Nilidhani nitamwona arusi itakayofuata, lakini ukiwa mpishi wa Diani hualikwi arusini ukae. Unaalikwa ukabidhiwe sufuria. Na mimi kila nikikabidhiwa nilijiona mtu wa maana, nikaikumbatia.

Ngoja. Nimeinuka. Usikasirike, chakula hakijaiva, kwa hiyo haihesabiki. Nimesikia tui zito likimiminwa na moto bado mkali, sauti yake naijua, nikaona litakatika, na samaki wa kupaka mwenye tui lililokatika hapendezi mbele ya watu. Nilikwenda mpaka kwenye mlango wa jiko nikajifanya naomba maji. Mama Riziki, mpishi wa hapa, hata hakugeuka. Akaniambia: "Bwana mgeni, maji yako mezani." Nikaanza kusema habari ya moto. Akaniambia binti yangu amempa maagizo, na kwamba yeye mwenyewe ni mgonjwa wa ugonjwa huo huo, kwa hiyo ananijua, nirudi nikakae. Nimerudi. Nimepandisha miguu juu ya kiti ili iwe kazi kushuka.

Nimekuwa nikijiuliza nimeutoa wapi ugonjwa huu. Ukitazama kushoto basi likipita Taru, huko ndani ndiko Kinango, na huko ndiko ulikoanzia. Miaka ya ukame maji yalikuwa mbali, na mgeni akija ndiye aliyenawishwa kwanza na kulishwa kwanza. Bibi yako alikuwa akisimama kwenye mlango mpaka mgeni amalize, kisha sisi watoto tumalize, ndipo akombe kilichobaki, amesimama vile vile, akisema ameshiba. Nilimwamini. Nilikua nikijua kwamba mtu mwenye adabu husimama, na kwamba kutazama wengine wakila kunashibisha.

Lakini mvua ikinyesha, mwanangu, uone! Mtsunga ulikuwa unaota mpaka nyuma ya zizi, zile mboga chungu, na maziwa ya mgando yanapatikana, na sima inasongwa ya kutosha. Siku hizo bibi yako alikuwa anakaa. Anakaa chini katikati yetu, miguu ameinyoosha, anakula mpaka analamba vidole, na anaimba kidogo kwa puani huku akitafuna. Ni yeye Nyamvula wa kwanza, na wewe umechukua jina lake. Kwa hiyo usimfikirie vibaya bibi yako. Yeye alisimama kwa sababu ya njaa, na njaa ilipoondoka akakaa. Mimi nimefanya kazi kwenye nyumba zilizojaa vyakula, sijakosa kitu, na bado nimesimama kana kwamba mvua haijafika.

Nimeonja kila kitu pwani hii. Kamba, pweza, kaa, ngisi, biriani za watu wakubwa. Nimeonja kwa ncha ya kijiko, nimesimama, nikitafuta kama chumvi imekolea. Ukiniuliza pweza wa nazi anakuwaje akiliwa sahani nzima, na wali, na mtu wa kuzungumza naye, itabidi nifikiri.

Sasa nisikilize kidogo, maana sehemu hii ni yako.

Siku ile nilipokuja kukusikiliza Diani, kwenye ule mkahawa wa ufukweni, hukuniona. Nilisimama ukutani pamoja na wahudumu, unajua tena. Mlipiga vizuri, nikajisikia kuruka. Mlipopumzika, wenzako wakaenda kwenye meza wakaagiza chakula. Wewe nikakuona nyuma ya spika, umesimama, unakula viazi karai kwenye karatasi, huku unakagua nyaya. Mmoja wao akakuita, ukampungia mkono kwamba utakuja. Hukwenda. Ulikula haraka, ukajifuta vidole kwenye suruali, ukarudi jukwaani kabla ya wote.

Nilirudi nyumbani nimenyamaza, na mama yako akadhani hukunifurahisha. Ulinifurahisha sana. Ila nilijiona mimi mwenyewe nyuma ya ile spika, na nikaogopa. Kisumu siiogopi. Watu wa bendi siwaogopi, nimezungumza na kiongozi wenu, anasema "mzee" kila neno la tatu na anacheka kwa nguvu, namwamini. Hofu yangu ni hiyo moja tu: kwamba utawafurahisha watu maisha yako yote, na furaha yenyewe uisikie kupitia dirisha la jiko.

Utakakokwenda, wikendi ya watu ndiyo itakuwa kazi yako. Basi tafuta Jumanne. Nakuambia kweli, iwe Jumanne, siku ambayo hakuna anayehitaji besi. Nenda na rafiki asiye wa bendi mkakae karibu na ziwa, mbebe vitu vyenu, mpike au mpikiwe, mchelewe kuondoka. Nenda ukasikilize bendi ya wengine, na ukiwa huko usiende nyuma ya jukwaa kusalimia, kaa mbele kama mtu aliyelipa. Jaribu kutomtazama mpiga besi vidole. Najua utamtazama, lakini jaribu.

Na samaki wa huko watakupa mzima, kichwa na mkia, na ugali, si sima, ukilisema hilo watakucheka. Hatakuwa na nazi. Tafadhali usiwaambie sisi kwetu tungetia nazi, angalau mwezi wa kwanza. Kula kwanza. Mboga zao nasikia nyingine ni chungu, nazo hazitakushinda, wewe ni mjukuu wa Nyamvula. Kula umekaa, umtazame aliyekupikia, umwambie ni tamu ikiwa ni tamu. Nakuonea wivu kidogo, ujue. Kuna vitu huko sijapata hata kuvionja.

Magharibi imeingia. Bakari na wenzake wameshafika, mashati ya kitenge wameyaacha nyumbani, yule wa ngoma ameongezeka unene na anakataa kukubali. Mama Riziki ametoa wali, nauona mvuke. Na wewe unapanga sahani. Kabla ya hapo ulikuwa unafunga taa kwenye ule mwembe wa uani, na kabla ya hapo ulikuwa unamsaidia mjomba wako kuingiza spika, na jana ulifagia baraza ambayo ina mfagiaji wake.

Nyamvula! Toka tufike hapa sijakuona umekaa. Umenifunga mimi kwenye kiti, halafu wewe mwenyewe unazunguka na vitambaa.

Basi nami nina sharti langu. Kuna kiti kitupu hapa kushoto kwangu. Nakiona hakina mtu, na najua kwa nini. Unakuja na sahani yangu. Naweka kalamu chini.

Narudi kuandika, tumeshakula. Hilo doa ni mafuta ya samaki, usilijali.

Nitaandika ilivyokuwa, ingawa ulikuwepo, kwa sababu nataka uwe nayo njiani kwa maandishi yangu. Uliweka sahani mbele yangu ukageuka kuondoka, nikakushika mkono. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi. Likatoka moja tu: "Kaa, mwenzetu."

Ulinitazama vile vile kama siku ile ya kamba. Kisha ukavuta kiti.

Tui lilikatika. Nilijua. Lilikuwa limefanya chembechembe juu ya samaki, na nikala, nikaongeza, nikaongeza tena, na hakuna aliyekufa. Chumvi ya kachumbari ilipungua, nikainua mwili kidogo kwenda kuitafuta, ukanibonyeza bega. Bakari alipoanza wimbo, nao wimbo ukawa unachechemea kwa kukosa besi, ukainua mwili wewe, nikakubonyeza bega. Tukatazamana, tukacheka mpaka mama yako akauliza kuna nini. Vidole vyako vilikuwa vinapiga juu ya meza, karibu na sahani, wimbo wote, lakini hukuinuka. Bakari alikonyezea huku mara nyingi sana, na hukuinuka.

Halafu mama yako akajifunga leso kiunoni.

Alianza taratibu, mabega tu, kama mtu anayekumbuka njia. Kisha akaingia uwanjani, na mwili wake ukawa mwepesi, mwanangu, sikujua kwamba mtu niliyeishi naye miaka yote hii anaweza kuwa mwepesi vile. Alifunga macho. Aliuzunguka uwanja mzima, hivyo hivyo kama Bakari alivyosema. Mama Riziki akatoka jikoni, akavuta kibao akakaa, akapiga makofi. Mimi nililia, na hukuniuliza, ahsante. Kila mama yako alipopita mbele ya baraza alifungua macho akatupia jicho hapa kwenye kiti, kuhakikisha kama niko. Nilikuwepo.

Ninyi wawili sasa mnacheza pamoja hapo uani, na Bakari anajifanya amechoka. Sahani zote ziko mezani mpaka sasa. Naziona kutoka hapa, na sufuria ya wali imeanza kukauka, ikikauka itakuwa shida kesho kuisugua. Acha zikae.

Nenda salama, mwanangu, ukawapigie watu wacheze. Na Jumanne unikumbuke.

Baba yako,
ambaye bado amekaa